Majina Ndani ya Kola

Mwaka wa kitambaa cha kijani nilikuwa kijana wa kuoa, nakaa kwetu Chole, hii Chole ya Kisarawe, maana nikisema Chole wengine wanadhani nasema ile ya kisiwani. Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, na nguo usiseme. Duka la ushirika lilikaa miezi halina hata leso, halafu siku moja likaja gari limebeba majora, yote ya namna moja: kijani, na maua ya njano makubwa kama visahani. Kila kaya ikapewa kipimo chake. Mafundi tulikuwa wawili, mimi na mzee aliyenifundisha, na yeye macho yalikwisha kufifia, kwa hiyo niseme tu fundi nilikuwa mimi. Nikashona kijiji kizima. Mashati, magauni, kaptula, sketi, mpaka kanzu ya mwadhini. Vipande vilivyobaki watu wakafanya mapazia. Idi ile ukisimama mbali ungesema kichaka ndicho kimetoka kuswali.

Kuna bwana mmoja siku hiyo alimtoroka mkewe kwenye ngoma. Mkewe akamfuata, akaona mgongo, akaunasa kofi, kumbe shemeji yake. Migongo yote kijani! Tulicheka wiki nzima. Lakini mimi nilikuwa nawajua wote, kwa sababu nilijua kila mshono umetoka mkono gani. Nilikuwa na wasichana watatu nawafundisha kazi, na mmoja wao, Tatu, alikuwa na ukaidi wake kwenye matundu ya vifungo. Alianza chini kwenda juu, akimaliza anafunga uzi mara mbili, panabaki kijivimbe kama punje ya ufuta. Nikimwambia acha, anasema, "Kaka fundi, tundu langu halichaniki." Na kweli halikuchanika. Leo ni bibi mwenye wajukuu na bado anafunga mara mbili.

Haya niliyasimulia kwa mtu mmoja barazani kwangu, hapa Tangini, Kibaha, nilikohamia baada ya kufiwa na mke. Mwalimu wa sekondari, amekuja kupunguza suruali. Kila ninayemsimulia habari ya lile kofi hucheka. Yeye hakucheka. Akauliza, "Kwa hiyo, fundi, ukiliona shati unaweza kujua nani kalishona?"

Nikamwambia kama nilimfundisha mimi, hata gizani, kwa kidole.

Akamaliza chai yote, akaangalia kikombe ndani kama kuna kitu kimebaki, akasema, "Itafanyika." Sikujua ni nini kitafanyika. Nilidhani anasema habari ya suruali.

Huyo ndiye niliyekuja kumwita Mlezi, kwa sababu wanafunzi walimwita hivyo. Shuleni kwake kulikuwa na kampuni ya wanafunzi, na kila kikundi cha shule lazima kiwe na mwalimu mlezi. Alizaliwa lini na baba yake nani sikuwahi kumuuliza. Nilijua ni Mnyamwezi na hilo lilinitosha, kwa kuwa mimi Mzaramo, na sisi na wao ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, anachukua kuku wako, anakalia jeneza la baba yako mpaka mumpe chochote, na huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Kwa hiyo mimi na Mlezi tulikuwa tunatukanana vizuri sana.

"Nyie Wazaramo," ananiambia, "mkisikia ngoma mnaacha maiti kaburini nusu."

"Na nyie mlitembea kutoka Tabora mpaka pwani na pembe za ndovu za watu kichwani. Hata moja hamkujua kuiba!"

Hapo ndipo alipokuwa anacheka. Alicheka kwa mabega, sauti haitoki.

Alikuwa mwembamba, anatembea ameelekea mbele kama anapanda mlima hata kwenye tambarare. Chaki mfukoni. Chai hakutia sukari, alitia asali ya kwao, anatembea nayo kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, na mara mbili nilimwona hospitalini watu wanamgombeza kwamba anakunywa dawa pamoja na chai. Kushukuriwa hakutaka. Ukimwambia asante anaangalia saa.

Tabia yake kubwa ilikuwa kugeuza nguo. Kila nguo aliyoikuta aliigeuza nje ndani. Dukani, kwenye kamba ya kuanikia, hata iliyovaliwa. Nilikuwa naye kwenye harusi moja ya Walutheri huku kwetu, bwana harusi anapokea mikono ya heri, Mlezi akamshika kola kwa nyuma akaipindua, akasoma lebo, akasema, "Hongera." Bwana harusi mpaka leo ananiuliza yule mzee alikuwa anatafuta nini.

Alikuwa anatafuta nani kashona. Alikuwa na habari hiyo moyoni kama watu wengine walivyo na dini. Alinieleza, na mimi darasa langu ni la nne tu, lakini alieleza nikaelewa: kwamba nguo unayonunua kwa bei ya karanga, kuna mtu mahali ameishona kwa saa kumi na nne, hajala, hajakojoa, na hapati hata hizo karanga. Na kwa sababu humjui jina, huna aibu. "Aibu inahitaji jina, fundi," alisema. Basi kampuni ya wanafunzi wake itauza mashati ya kitenge, na ndani ya kola, mahali pa lebo, patakuwa na jina la aliyeshona na mahali anapokaa. Biashara ya haki, waliita. Wanafunzi watachora mitindo, watatafuta wateja, watakaa kwenye banda la kuuzia pale getini kwa shule. Mimi nitakata vitambaa na kushonea lebo. Na kushona watashona akina mama wa Chole, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia kule kuna mikono.

Sharti lilikuwa moja, na alilisema mbele ya wanafunzi wote, mbele yangu, na kule Chole mbele ya akina mama: jina likiwa ndani ya shati, mwenye jina ndiye kashona. Basi. Siku jina litakapokuwa la uongo, alisema, kampuni ifungwe na yeye atatoka getini asirudi. Watoto wakapiga makofi. Watoto hupiga makofi kwa kila kitu.

Yeye mwenyewe, sasa niseme ukweli, alivaa mitumba. Mashati yake mawili ya bluu yalikuwa ya mtumba, viatu mtumba, mpaka tai. Nikamuuliza, Mnyamwezi wewe, unahubiri nini na umevaa nini? Akasema, "Mimi nimeshachelewa, fundi. Nataka wao wasichelewe." Sikuridhika na jibu hilo na yeye pia nadhani hakuridhika nalo.

Siku tuliyokwenda Chole kwa mara ya kwanza naikumbuka kwa sababu ya ukimya. Tulipitia Mbezi na Pugu mpaka Kisarawe mjini, kisha Maneromango, kisha bodaboda. Tulikuwa mimi, yeye, na mwenyekiti wa kampuni, na mwenyekiti ni mjukuu wangu, Mwanaidi, aliyekuwa kidato cha pili. Nitamsimulia. Akina mama saba walikaa kwenye mkeka kwa Bi Tatu, yule yule wa kijivimbe cha ufuta. Mlezi akawaambia, "Semeni ninyi. Shati moja liwe bei gani, na kwa siku mtu ashone mangapi asichoke."

Wakanyamaza. Wakaangaliana. Nzi mnamsikia. Hakuna aliyewahi kuwauliza. Mwisho Bi Tatu akasema, "Mtani, hii ni dawa au ni mtego?"

"Ni swali, mama."

"Mnyamwezi akiuliza swali shika mkoba wako," akasema, wakacheka, na baada ya kicheko ndipo wakaanza kusema. Mawili kwa siku, zaidi ya hapo mgongo unakataa. Na bei wakasema wao. Mlezi hakupunguza hata kidogo, akasema itafanyika. Mama mmoja akalia. Sikuelewa analia nini, bei ilikuwa ya kawaida tu.

Hilo neno lake, itafanyika. Nalirudia kwa sababu ndilo lililomla. Hakujua kusema hapana. Mkuu wa shule akitaka zamu ya ziada, itafanyika. Mzazi akitaka mtoto asaidiwe hesabu Jumapili, itafanyika. Kila mwaka alikuwa anasema mwaka huu anaomba uhamisho, arudi kwao akafuge nyuki, na kila mwaka wanakuja watoto wa kidato cha pili wanamwambia Mwalimu usituache mpaka tumalize. Wanamaliza hao, wamekuja wengine. Mtu mzima kabisa, amekaa Kibaha kama mtu aliyekaa kituoni. Nilimtania, lakini mimi mwenyewe nilikuja kwa miezi mitatu, hii sasa ni miaka na miaka, na mguu wangu wa kushoto hauendi tena bila fimbo. Kwa hiyo tulikuwa wafungwa wawili tunachekana.

Sasa Mwanaidi. Mama yake yuko mbali kikazi, nimemlea mimi. Mimi kusoma kwangu ni kwa kituo kituo, kama basi bovu. Yule mtoto alikuwa anasimama mbele ya watu wazima anaeleza biashara ya haki, anageuza shati, anaonyesha jina, anasema, "Huyu ni Bi Tatu wa Chole, na kesho nikikutana naye nitamsalimu shikamoo nikimtazama usoni." Watu wanatulia. Nilimsikia mara moja nimesimama nyuma ya dirisha la darasa. Nikajifanya napenga kamasi.

Kwa miaka miwili mambo yalikwenda. Kisha ikaja oda kubwa. Wageni wa mkutano fulani Dar es Salaam waliona mashati, wakataka mia mbili, ndani ya wiki tatu, na wakamwalika Mwanaidi akaseme mbele yao. Mlezi akasema itafanyika. Hakuuliza Chole kwanza.

Na ilikuwa msimu wa korosho.

Mtu wa Kisarawe hahitaji kuelezwa. Korosho zikianza kudondoka, cherehani inafunikwa kanga. Hakuna mama atakayekaa anashona kola za watu korosho zake zinalala chini zinaota. Mlezi alikwenda. Bi Tatu akamwambia, "Mtani, nakupenda, lakini korosho hainisubiri mimi. Rudi mwezi wa kumi na mbili." Walimpa mashati themanini, na hata hayo walijitahidi. Angeweza kuwapigia wale wageni simu akasema themanini ndiyo yaliyopo. Nilimwambia. Akanitazama, akasema, "Na Mwanaidi akasimame na nini?"

Alijua aninyamazishe kwa lipi.

Ilikuwa mchana, siku ya Jumatano, jua kali, nimekaa na mashine. Akaja na pikipiki, magunia mawili. Hakunisalimia kwa utani. Akasema, "Tuingie ndani, fundi." Tukaingia, akafunga mlango. Yalikuwa mashati, kitenge kama chetu kabisa, mtindo wetu, yamekatwa kwa mashine kubwa. Yameshonwa Dar, kwenye kiwanda kimoja cha uani, hakunitajia wapi. Nikageuza moja, kwa kuwa na mimi alikwisha kuniambukiza. Mshono umenyooka, tundu la kifungo limepigwa na mashine, halina mtu.

"Nani kashona?" nikauliza.

Akakaa kitandani kwangu. "Wasichana. Sikuwahesabu. Nilifika hawajamaliza, mwenye kiwanda akaniambia subiri hapa nje. Mlango wao ulikuwa na kufuli, fundi. Kufuli kwa nje. Nikasubiri wafunguliwe ndipo nichukue mzigo."

"Ukasubiri."

"Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Wakaniletea soda."

Kisha akatoa mfukoni lebo, zimefungwa kwa mpira. Zile zile wanafunzi walizoandika kwa wino kwenye utepe wa pamba. Bi Tatu, Chole. Mwanahamisi, Chole. Bi Tatu, Chole. Waliandika mia mbili kabla, wakiwa na furaha.

Nilizishona. Nataka hilo lijulikane na nisilizungushe. Siku mbili, mlango umefungwa, jasho linanitiririka machoni, nashonea jina la mwanamke niliyemfundisha kazi kwenye kola ambayo hajaigusa. Majirani wanapita wanasema, "Fundi leo umejifungia, unaumwa?" Nawaambia mafua. Ningeweza kukataa, sikutishiwa na mtu. Lakini nilikuwa namwona Mwanaidi amesimama mbele ya wageni mikono mitupu, na kila nilipoiona picha hiyo mguu wenyewe ulikanyaga pedali.

Mwanaidi akaenda, akasema, wakasimama wakampigia makofi. Alinionyesha kwenye simu.

Sasa msidhani kwamba iliishia hapo. Wale wageni wakawaambia wengine. Oda ikaja nyingine, na korosho zilikuwa bado. Akarudi kule kwenye kiti cha plastiki. Na mimi nikafunga mlango tena. Ndivyo ilivyo, mara ya kwanza unasema ni mara moja, mara ya pili huna hata la kusema. Akina mama walipomaliza korosho na kurudi kwenye mashine, oda zilikuwa zimekwisha kuwapita. Mashati mawili kwa siku hayawatoshi tena watu waliozoea mia mbili. Kama angesema tunapunguza, wangeuliza mbona zamani mliweza.

Mlezi akabadilika, na nitawaambia nilijuaje. Aliacha kugeuza nguo. Tulikuwa msibani, kijana mmoja kaning'iniza koti kwenye msumari karibu yetu, bitana iko nje kabisa, Mlezi akalitazama akageuza uso kama mtu aliyeona mtu uchi. Chole akaacha kwenda, akawa anawatuma wanafunzi peke yao. Bi Tatu akaniuliza kwenye simu, "Mtani wangu nimemkosea nini? Au kaoa?" Nikasema kazi nyingi. Alikuja kwangu jioni jioni, anakaa, asali anatia, chai anaiacha ipoe. Siku moja akaanza, "Fundi, nikiwaambia watoto..." Nikamkatiza. Nikasema, Mwanaidi ana mitihani miezi michache ijayo, ngoja amalize. Akasema itafanyika. Lakini safari hii ilitoka kama kikohozi.

Basi. Ikaja siku ya maonesho ya shule, siku ambayo wazazi wanaalikwa na kila kikundi kinaonyesha kazi yake. Hapa nieleze kosa langu jingine. Kwenye yale magunia yalibaki mashati kama matano yenye lebo. Mlezi aliniambia, "Toa zile lebo, fundi, halafu yagawe." Nikasema sawa. Sikuzitoa. Kufumua lebo ni kazi ya macho, na macho yangu sasa yanataka kupumzika, nikayaweka kwenye sanduku chini ya kitanda nikasema kesho. Mwanaidi akayakuta asubuhi ile ya maonesho, mimi nimekwenda msikitini. Akafurahi. Akayapiga pasi, akayapeleka, akayatundika mbele kabisa ya meza ya kampuni.

Na kwa furaha hiyo hiyo alikuwa amewaalika akina mama wa Chole. Walikuja wote saba, wamevaa sare ya kanga, Bi Tatu mbele.

Nilifika nimechelewa na fimbo yangu. Maturubai yamejaa, wazazi, walimu, mkuu wa shule kwenye kiti cha kitambaa. Nikakaa safu ya mbele, wananiheshimu, babu wa mwenyekiti. Nikayaona yale mashati. Nikamwona Mlezi ameyaona. Alikuwa amesimama upande wa pili wa meza na hakuwa na pa kwenda, kulia mkuu wa shule, kushoto akina mama wanamshangilia, "Mtani! Mtani wetu huyo!"

Bi Tatu akashika shati la kwanza. Akaona jina lake, Mwanaidi amemfundisha kulijua. Akatabasamu. Kisha kidole chake kikaenda kwenye tundu la kifungo chenyewe, bila yeye kukituma, kikapapasa. Kikarudi. Kikapapasa tena. Akashika la pili, akapapasa, la tatu.

Akanyanyua kichwa. Hakumtazama Mlezi, alinitazama mimi. Muda mfupi tu. Nikaangalia fimbo yangu.

Nimefikiri sana alichokifanya baada ya hapo. Angeweza kulia, au kuondoka na wenzake, na kazi ya wanawake saba ingekufa pale pale mbele ya wazazi. Yeye alishika shati juu, akapiga kigelegele, akasema kwa sauti ya ngomani:

"Jamani njooni muone! Huyu Mnyamwezi ameniibia jina!"

Watu wakaangua kicheko. Wote wanajua utani.

"Nilijua nyie mnabeba mizigo ya watu," akaendelea, "sikujua mnabeba na majina! Shati hili silijui! Halijanisalimia! Nani kakuzalia, mtani? Mwanamke gani huyo, mwambie aje tugawane chumba!"

Maturubai yanatikisika. Mkuu wa shule anafuta machozi. Mshereheshaji akadaka kipaza sauti: "Mtani kashtakiwa! Mtani ajibu!" akampa Mlezi.

Mlezi akakishika. Mkono wake ulikuwa na chaki. Akasema, "Anachosema mama ni kweli."

Kicheko.

"Mashati haya hakushona yeye. Niliyanunua mahali ambapo wasichana wanafungiwa. Nikaweka jina lake."

"Amekiri!" akapiga kelele mshereheshaji. "Faini! Mnyamwezi alipe jogoo!"

"Jogoo! Jogoo!" Wazazi, wanafunzi, wote. Wengine wanapiga viti.

"Si utani," akasema Mlezi. "Ndugu zangu, si utani. Mkuu, mimi si..." Lakini mtani akisema si utani ndiyo utani wenyewe, mkuu wa shule alikuwa ameinama anashika mbavu. Bi Tatu peke yake hakucheka tena. Alikuwa amelikumbatia lile shati kifuani kama analizuia lisiendelee kusema.

Mlezi akageuka kwangu. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, na nimezika watu. Akasema kwenye kipaza sauti, taratibu, "Muulizeni fundi. Yeye ndiye aliyeshona zile lebo. Fundi, waambie."

Wote wakanigeukia. Wanangoja. Neno moja tu. Mimi ni mzee, mimi si Mnyamwezi, mimi si mtani wa Bi Tatu, ni Mzaramo mwenzake. Nikisema ndiyo, ni ndiyo. Ningesema ndiyo wangeacha kucheka na yule mtu angepata kuwa mkosaji, ndicho alichokuwa anaomba. Upande wa kushoto alisimama Mwanaidi na beji yake ya mwenyekiti, meno yote nje, ananitazama anangoja babu yake ajibu utani kwa utani, kama ninavyojua.

Nikasema, "Mnyamwezi huyo! Msimwamini hata akisema leo jua limechomoza!"

Kelele zilizotoka hapo sizisimulii.

Mlezi alikiweka kipaza sauti mezani, polepole, pembeni ya mashati, kikalia fiii. Hakuwa na hasira usoni. Akapita nyuma ya turubai, akapita kwenye banda la kuuzia, akatoka getini akaelekea upande wa barabara ya Morogoro, ameelekea mbele vile vile. Mtu akasema, "Kaenda kutafuta jogoo!" tukacheka tena, na mimi nikacheka. Tukamngoja. Pilau ikapakuliwa, wakamwekea sahani wakaifunika na sahani nyingine. Viti vikakusanywa, maturubai yakakunjwa, akina mama wakapanda gari lao la Kisarawe. Mwanaidi akaniuliza, "Babu, Mwalimu mbona harudi?" Nikamwambia jogoo mzuri anatafutwa.

Hakurudi jioni ile, wala Jumatatu, wala tena.